Kabla Maji Hayajajaa, Tuulizane Ufukwe Ni wa Nani

Mvua ya Bukwo haikai Bukwo. Inashuka kwa vijito hadi mto Suam, inafuata mpaka wa Uganda na Kenya, inakata kona kuelekea kaskazini-mashariki, na mwisho wake inaukuta ukuta wa Turkwel huko Pokot Magharibi: mita 153 za zege zilizosimamishwa katikati ya korongo, kazi iliyokamilika mwaka 1991. Nyuma ya ukuta huo limetanda ziwa refu lililobanwa na milima. Lilipanda polepole kwa miongo, mpaka mwaka 2020 mamlaka za huko zikatoa tahadhari kwamba linakaribia kufurika kwa mara ya kwanza. Maji yake mengi yametoka Mlima Elgon, kwetu.

Silitaji hilo ili tuwaonee jirani zetu wivu, wala ili mtu aamke kesho na kusema tuuzibe mto. Nalitaja kwa sababu ya mazoea yetu. Kwetu Uganda, maji ya mlimani ni kitu cha kupita. Tunayatazama yakianguka Sipi, tunapiga picha, tunanunua kahawa, tunarudi nyumbani. Anayetaka maji yaliyotulia kwenye nyanda za juu, ya kupigia hema kando yake na kupiga kasia asubuhi ukungu ukiwa bado umelala, huenda Ziwa Bunyonyi. Akishindwa na nauli ya Kabale, basi tena. Hakuna bwawa la milimani ambalo familia ya Mbale au ya Kasese inaweza kusema, "Jumamosi tunakwenda huko," na kila mmoja akajua ni wapi.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Kwenye vilima vya Isingiro kuna bwawa la umwagiliaji la Kabuyanda, chini ya mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kwenye mto Malaba, ambao nao unashuka kutoka Elgon, Kenya na Uganda zimekuwa zikiandaa pamoja bwawa la Angololo, chini ya ushirikiano wa nchi za Bonde la Nile. Nikisikiliza miradi hii ikijadiliwa, iwe redioni au kwenye vikao vya wilaya, hesabu ni za hekta, megawati na kaya zitakazopata maji. Hesabu nzuri zote. Ila sijasikia mtu akiuliza nani ataruhusiwa kukaa kando ya maji hayo Jumapili alasiri, atapitia wapi, na atamlipa nani.

Naona swali hilo lina haraka kuliko linavyoonekana. Haki ya kuyafikia maji huamuliwa mara moja tu, wakati mchoro ungali mezani na ardhi ingali inapimwa. Maji yakishapanda, kila kipande cha ukingo kina mwenyewe, na mwenyewe ameshachimba msingi.

Kwanza tukubali kwa nini hatuna mabwawa mengi ya milimani. Mito yetu ya milimani ina mteremko mkali na mabonde membamba. Ukijenga ukuta mrefu unapata maji kidogo nyuma yake. Ndiyo maana Kasese, kwenye mto Mubuku, mitambo mitatu ya umeme imepangana kufuata mto bila ziwa la maana: maji yanachepushwa kwenye mfereji, yanateremshwa kwa bomba, yanazungusha mitambo, yanarudi mtoni. Mitambo ya Siti upande wa Elgon inafuata njia hiyo hiyo. Halafu kuna tope na mawe. Walioona mto Nyamwamba wa Kasese ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, wakaona mawe makubwa yaliyoviringishwa hadi Kilembe na hospitali iliyoharibiwa, hawahitaji mhandisi awaeleze kwamba bwawa kwenye mto wa namna hiyo lingejaa mashapo kabla watoto wa waliolijenga hawajamaliza shule.

Kwa hiyo mabwawa yatakayokuja yatakuwa machache, na yatakaa kwenye vilima vya chini ambako bonde linapanuka. Uchache huo unaongeza uzito wa swali langu. Mwenye fukwe mia anaweza kuipoteza moja. Sisi hatuna mia.

Sasa tuiangalie Bunyonyi. Hilo nalo ni bwawa, ila aliyelijenga ni volkano: lava ilitiririka ikaziba bonde, mto ukakosa njia, maji yakapanda mpaka vilele vya vilima vikabaki visiwa. Ndiyo sababu ya umbo lake la vidole vidole, na ndiyo sababu ya visiwa 29 ambavyo kila mwenye mtumbwi atakuhesabia. Liko takriban mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mamba wala kiboko. Baridi ya asubuhi inakufanya uushukuru moto. Kama ungetaka kumwonyesha mtu bwawa la milimani linavyoweza kuwa mahali pa watu kupumzika, ungempeleka huko, na ungemwonyesha mazuri na mabaya yake kwa pamoja.

Tuanze na hadithi za kina. Ukikaa kwenye mtumbwi, muda si mrefu utaambiwa, "Mzee, hapa chini ni mita mia tisa, la pili kwa kina Afrika nzima." Hadithi hiyo imenakiliwa na kampuni za utalii mpaka imekuwa kama aya ya kitabu kitakatifu. Vipimo vya kitaalamu huzungumzia takriban mita 40. Ningeiacha hadithi ijipumzikie kama isingekuwa na madhara, lakini inayo: inamfanya mgeni aogope katikati ya ziwa na kujiachia pembeni. Na bonde lililozama huwa na kingo zinazoporomoka ghafla. Hatua mbili kutoka kwenye majani umeshapoteza ardhi, maji ni ya baridi, na mtumbwi wa gogo unapinduka ukiuegemea vibaya. Anayehitaji tahadhari ni yule mtoto anayechezea kwenye kina cha kiuno, na tahadhari ya mita mia tisa haimsaidii.

Hadithi ya kichocho ni ya jamii hiyo hiyo. Tunaambiwa maji ya juu ni salama kwa sababu konokono wanaoueneza ugonjwa huo hawapendi baridi. Kwa muda mrefu wataalamu nchini waliweka mstari karibu na mita 1,400: juu ya hapo hakuna maambukizi. Kisha utafiti kwenye maziwa ya kreta magharibi mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2008, ukakuta maambukizi juu ya mstari huo. Sisemi Bunyonyi ina kichocho. Nasema bwawa jipya, lenye maji yaliyosimama, majani ya pembeni na watu wanaoingia na kutoka, si mahali pa kumwamini mwenye boti kuhusu afya yako. Panahitaji mtu wa wizara anayepima konokono kila msimu na kubandika matokeo getini.

Lakini kubwa zaidi la Bunyonyi ni ukingo wenyewe. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa ziliweka ukanda wa ulinzi: mita 200 kwa maziwa makubwa yaliyoorodheshwa, mita 100 kwa mengine. Nenda ukapige hatua uone kama utafika 100 kabla hujakutana na ua wa maua, ngazi za mawe na kibao kinachosema eneo hili ni la wageni wa hoteli. Wenye hoteli wengi ni watu wa hapo hapo, na wamefanya kazi nzuri. Bila wao Kabale isingekuwa na jina. Siwalaumu kwa kujenga mahali ambapo hakuna aliyewaambia mapema kipande kipi ni cha wote. Lakini matokeo ni kwamba mtu asiye na fedha ya chumba wala ya chakula cha mchana hotelini hubakiwa na gati, pale mitumbwi ya gulio inaposhusha viazi na kabichi. Watoto wa vijiji vya juu wanaliona ziwa kila siku ya maisha yao kama picha iliyotundikwa ukutani.

Wazee walituachia msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Bunyonyi mwenyeji amepona kiasi. Anauza mayai, anapiga kasia, anavua kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani ambao siku hizi wako kwenye kila orodha ya chakula. Amepona mfukoni huku akisogezwa mbali na maji. Na uponyaji huo wa nusu ndio utakaohamia kwenye kila bwawa jipya tusipousemea.

Linganisha na Sipi, ambako mambo yako shaghalabaghala kwa namna nyingine. Maporomoko ni matatu, lile kubwa likianguka karibu mita 100, na njia za kuyafikia zinakatiza mashamba ya watu. Mgeni analipa kwa huyu, anavuka kijito, analipa kwa yule, kijana anamfuata akidai yeye ndiye kiongozi wa kweli. Wageni hulalamika sana, na mimi nawaelewa. Ila nikilazimishwa kuchagua kati ya kero ya Sipi na utulivu wa ua wa maua, nitaichagua kero. Pale Sipi mama mwenye migomba kumi ana sauti, maana bila ruhusa yake huoni maji. Kinachokosekana ni mpangilio tu: tiketi moja, mgao unaojulikana, njia zilizotengenezwa. Mambo ya kikao kimoja cha wenyeji na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, kama kikao hicho kingekuwa kinamalizika.

Kuna wanaosema, na wana haki ya kusikilizwa, kwamba nchi yenye watu wanaotembea kilomita kutafuta maji ya kunywa haina haja ya kujadili mahali pa kuogelea. Nimekisikia hicho kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Jibu langu ni Jinja.

Maporomoko ya Ripon, ambayo Speke aliyaona mwaka 1862, yalizamishwa na bwawa la Owen lililofunguliwa mwaka 1954. Umeme ulipatikana, na hakuna mtu wa kizazi changu anayeyalilia maporomoko ambayo hakuyaona. Lakini Bujagali tuliiona. Boti za mpira zilianzia pale, vijana wa Busoga wakajifunza kazi ya kuongoza boti kwenye mawimbi, wakawa mabingwa wa kayaki wanaoitwa nchi za nje. Mwaka 2012 bwawa la megawati 250 likakamilika na maporomoko yale yakazama. Safari za boti zikasogea chini ya ukuta. Serikali ilikuwa imeahidi kwa maandishi, katika makubaliano na Benki ya Dunia ya mwaka 2007, kwamba eneo la Kalagala chini ya hapo litahifadhiwa kama fidia ya kile kilichopotea Bujagali. Kisha likaja bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, maji yake yakarudi nyuma kuelekea eneo lile lile, na malumbano yakaanza upya. Wakati huo wote burudani ya majini ilikuwa ajira yenye watu na mishahara, ila kwenye hesabu za mabwawa iliingia mwisho, kama malalamiko, baada ya zege kukauka. Hiyo ndiyo gharama ya kusema tutaijadili baadaye.

Anayefikiri bwawa la kutengenezwa ni ziwa tu lenye ukuta atapata taabu. Ziwa la asili lina ukingo mmoja. Bwawa lina kingo mbili, ya masika na ya kiangazi, na kati yake kuna mkanda wa tope tupu ambao unaweza kuwa mpana kuliko uwanja wa mpira. Wakulima wa chini wakifungulia maji mwezi Januari, gati lililojengwa mwezi Mei linabaki limesimama juu ya nchi kavu na boti zinalala ubavu. Ukipanga mahali pa hema kwa kutazama maji yalipo siku ya uzinduzi, msimu ujao wageni wako watapiga kambi kwenye matope. Kwa hiyo gati liwe la kuelea, lenye kushuka na kupanda na maji, na njia ya miguu ipite juu ya alama ya mafuriko.

Halafu kuna sehemu za bwawa ambazo hazina mchezo kabisa. Mdomo wa kuingizia maji kwenye mabomba hunyonya kimya kimya. Njia ya kumwagia maji ya ziada inaweza kuwa kavu wiki nzima, watoto wakaigeuza mahali pa kuteleza, kisha ikapata maji kwa dakika chache. Chini ya ukuta, mto unapanda bila mvua yoyote kuonekana mawinguni, kwa sababu tu mtu kwenye chumba cha mitambo amebonyeza kitufe. Kila bwawa linahitaji king'ora chini ya ukuta, mstari wa maboya unaozuia boti kusogea karibu na ukuta, na vibao katika lugha zinazosomwa na watu wa pale. Kwenye mpaka wa Malaba ningeweka Kiswahili juu kabisa, kwa kuwa ndicho wachuuzi wa pande zote mbili wanachokitumia kupatana bei.

Tunajua usalama ukiachiwa bahati nini hutokea. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, karibu na nchi kavu, muziki ukiwa unapiga, na watu zaidi ya 30 wakafa. Taarifa za serikali wakati ule zilisema haikuwa na leseni na ilijaza watu kupita kiasi. Wengi walikuwa vijana wa mjini waliotoka kwenda kustarehe wikendi, wateja wale wale ambao bwawa jipya litawavutia. Jaketi okozi lisifungiwe stoo ili kuridhisha macho ya mkaguzi tu. Livaliwe gatini, kabla mguu haujaingia kwenye boti, na mwenye boti anyang'anywe kibali akikaidi. Mtu akiona haya kulivaa kwa sababu ya picha, abaki nchi kavu apige picha zake.

Kwa upande wetu wa Elgon kuna jambo jingine, zito zaidi. Machi 2010 mlima ulishuka juu ya Nametsi, Bududa, ukaua watu zaidi ya 100. Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Bulambuli. Udongo huu wenye rutuba ambao unatupa kahawa na ndizi unajaa maji kama sifongo, kisha unaachia. Tukizungumza bwawa chini ya miteremko ya namna hii, tuzungumze pia Vajont, kaskazini mwa Italia. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, upande mzima wa mlima uliporomoka ndani ya bwawa. Ukuta haukuvunjika, umesimama hadi leo. Maji ndiyo yaliruka juu ya ukuta, yakashukia vijiji vya bondeni na kuua karibu watu 2,000. Kosa lilikuwa kwenye kingo. Kwa hiyo ninaposema ufukwe uamuliwe mapema, simaanishi tu nani auze soda wapi. Yule yule anayepima mteremko upi ni imara ndiye atakayetuambia hema zipigwe wapi, na kama kuna bonde ambalo halifai bwawa hata kidogo, mashabiki wa burudani tuwe wa kwanza kusema lisijengwe.

Kuna pia wanaosema maji ya kunywa yafungiwe uzio. Kwa bwawa linalopeleka maji mjini, wana hoja nusu. Kuogelea na injini za petroli havifai humo. Lakini kuzunguka kwa miguu, kukaa, kuvua kwa ndoano kutoka ukingoni, kutazama ndege, hakuna kati ya hayo kinachochafua bomba la mtu, mradi choo kipo na kinatumika. Wakenya walilijibu hili Ndakaini, chini ya milima ya Aberdare. Bwawa lile lilikamilika mwaka 1994, linabeba mita za ujazo milioni 70, na ndilo chanzo kikuu cha maji ya Nairobi. Watu hawaogelei. Wanakimbia: kumekuwa na mashindano ya nusu marathoni ya kulizunguka, wakimbiaji wakipita katikati ya mashamba ya chai, na sababu iliyotolewa ya kuanzisha mbio hizo ilikuwa kuhifadhi mazingira ya bwawa lenyewe. Mwanakijiji aliyeona wageni wakija kwa sababu ya maji yale ana sababu yake mwenyewe ya kumkemea anayekata miti ukingoni.

Sasa hebu fikiri nusu marathoni ya namna hiyo Sebei, nchi ya wakimbiaji Kiprotich, Cheptegei, Chemutai na Kiplimo, ambako mtoto anayekwenda shule anakupita ukiwa kwenye bodaboda. (Natia chumvi, lakini siyo nyingi.) Njia ya kilomita 21 kuzunguka maji, kwenye hewa ile nyembamba, ingeleta wakimbiaji kutoka Iten hadi Addis Ababa. Na barabara ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73 zilizokuwa zikitutoa machozi kila masika, siku hizi ni ya lami.

Nitagusa Karamoja haraka, maana huko wanatufundisha utaratibu wa zamu. Bwawa la Kobebe, wilayani Moroto, lilijengwa kwa ajili ya mifugo, na wakati wa kiangazi Wakaramojong na Waturkana hukutana hapo na maelfu ya ng'ombe wao. Mgeni mwenye hema na kamera asifike akadhani ametengenezewa yeye mandhari. Ng'ombe kwanza. Kama kuna wafugaji au wavuvi waliotangulia, burudani ipewe upande wake na saa zake, na atakayekubaliana nao hayo ni mwenyeji, siyo wakala wa Kampala.

Kisheria tuna mwanya ambao sielewi kwa nini haujazibwa. Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema serikali itashikilia kwa niaba ya wananchi maziwa ya asili, mito, ardhioevu, misitu ya hifadhi, hifadhi za taifa, na ardhi yoyote itakayotengwa kwa ajili ya ikolojia na utalii. Maziwa ya asili. Ziwa lililotengenezwa na mkandarasi halikutajwa. Bunyonyi inalindwa angalau kwenye karatasi; bwawa jipya linaangukia wapi? Mto ulikuwa wa wote, ukazuiwa, maji yakapanda juu ya mashamba yaliyonunuliwa kwa fedha za mradi, na ukingo mpya ukatokea ambao jana ulikuwa kilima cha mtu binafsi. Asipotangaza yeyote kwamba ukanda ule ni ardhi iliyotengwa kwa manufaa ya wote, kilima kile kitauzwa siku bei itakapopanda, na bei inapanda siku tingatinga la kwanza linapoonekana barabarani. Wanaojua kusoma ramani za mradi hufika kwa mwenye shamba kabla ya mthamini wa serikali.

Na kutenga nako kuna mitego yake. Jamii ya Benet, huku juu Elgon, wameishi na mistari iliyochorwa na wengine: ardhi waliyogawiwa mwaka 1983, vipimo vilivyofuata, kufukuzwa, hukumu ya maridhiano ya mwaka 2005 mahakamani Mbale ambayo hadi leo wanaidai itekelezwe. Ukiwaambia kwamba serikali inatenga ukanda kwa ajili ya utalii, wanasikia jambo wanalolijua tayari. Kwa hiyo ukanda wa ukingo usigeuzwe hifadhi yenye askari na bunduki. Uwe ardhi ya wazi inayosimamiwa na kijiji, ambayo ng'ombe anapita kwenda kunywa, mama anachota maji, na mgeni anatandika mkeka wake, kila mmoja mahali pake.

Miradi mikubwa lazima ipitie tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2019, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hukaribisha maoni ya wananchi. Ndiyo nafasi tuliyo nayo, na mara nyingi tunaitumia kuuliza fidia ya mti mmoja wa mwembe ni shilingi ngapi. Tuulize hilo, ni haki. Tuulize pia upana wa ukanda wa wazi, alama ya mafuriko itapita shamba la nani, boti zitasajiliwa na ofisi gani, na barabara ya mkandarasi itakuwa ya nani akishamaliza kazi. Hili la mwisho ni rahisi kusahauliwa. Barabara inayobeba saruji leo ndiyo itakayombeba mgeni kesho, na nimeona zaidi ya moja ikifungwa kwa mnyororo wiki ile ile mitambo ilipoondoka.

Choo, gati la kuelea, king'ora, kibao cha kuonyesha kina, njia ya miguu. Ndani ya mkataba wa bwawa la mabilioni, vitu hivyo vinaingia bila hata kuonekana. Mkandarasi akishaondoka vitaombwa kwenye bajeti ya wilaya, na bajeti ya wilaya sote tunaijua.